Unapojenga ukuta, bakisha na baraza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni baraza ya nyumba na kikombe cha kahawa chungu kinywewacho hapo jioni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili niliyefundisha shule za msingi kwa miaka 34, na ninaishi Ngamiani, hapa Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Sikukusudia kumlalamikia mtu, ingawa kilichonifanya nishike kalamu ni nyumba ya jirani.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Kiswahili, ya vyumba sita: vitatu mkono wa kulia, vitatu mkono wa kushoto, ukumbi katikati unaokwenda moja kwa moja mpaka uani, na kwa mbele, chini ya upenu wa bati, baraza ya saruji ambayo ilikuwa imekaliwa miaka mingi mpaka ikawa laini kama sahani. Mzee mwenye nyumba alipofariki, warithi waliibomoa, wakajenga nyumba nzuri yenye vigae na madirisha ya vioo, kisha wakaizungushia ukuta wa matofali na geti la chuma. Wamejenga kwa fedha yao, kwenye kiwanja chao, na sina haki ya kuwaamulia ramani. Hata hivyo, jioni ya kwanza geti lilipofungwa, sisi tuliokuwa tukiketi pale tulichukua viti vya plastiki tukavuka barabara, na muuza kahawa akatupotea. Alikuja kwa saa yake ileile akigonganisha vikombe, akafika mbele ya ukuta, akasimama, akaweka dele lake la kahawa chini, akatazama huku na huku. Nilikuwa ng'ambo ya pili nikimwona, na kwa muda nilishindwa hata kumwita.

Kwa wasomaji wa bara ambao hawajaizoea kahawa hii, naomba niieleze. Haifanani na ile ya unga wa kopo inayokorogwa katika maziwa. Hii ni buni iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, ikatwangwa, ikachemshwa na kutiwa ndani ya dele, yaani birika lenye tumbo pana na mdomo uliochongoka, ambalo chini yake hukaa makaa ya moto ili kahawa isipoe njiani. Wapo wanaotia tangawizi. Sukari haitiwi, na ndiyo sababu pembeni hakukosekani kashata ya karanga au ya nazi, au tende, au kipande cha halua siku ambayo mmoja wetu ana furaha yake. Muuzaji hubeba dele kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili vikombe vidogo visivyo na mkono pamoja na kindoo cha maji ya kuvisuuzia. Kikombe kimoja hakizidi mafunda manne, nacho kwetu kinauzwa shilingi 200. Mtu akikuambia amekunywa vikombe vitano, usidhani ni mlafi. Elewa kwamba mazungumzo yalikuwa marefu.

Nimekuwa nikijiuliza jambo moja kuhusu kahawa hii. Nchi yetu inailima tangu zamani. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema, mkoani Kilimanjaro, wanatajwa kupanda miche yao mwaka 1898, na wakulima wa huko wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Na kabla ya wamisionari hao, Wahaya wa Kagera walikuwa na kahawa yao ya kutafuna, ambayo mpaka leo hutolewa kwa mgeni kama heshima ya kumkaribisha. Lakini sehemu kubwa kabisa ya kahawa yetu hupakiwa melini ikaenda kunywewa na wengine, na ukipita katika miji mingi ya mikoa inayoilima utakaribishwa chai. Sisi wa mwambao, ambao udongo wetu wa mchanga hauoti mbuni, ndio tuliojifunza kutoka kwa majirani zetu wa ng'ambo ya bahari kuifanya sababu ya watu kuketi pamoja. Waarabu wa Ghuba nao wanaithamini hivyo hivyo. Mwaka 2015 UNESCO iliingiza kahawa ya Kiarabu, kwa maombi ya Oman, Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kilichoandikwa pale kilikuwa ule ukarimu wa kuitoa zaidi ya ladha yake.

Baraza yetu huanza kujaa baada ya swala ya alasiri. Wa kwanza kufika huwa fundi baiskeli, kwa kuwa karakana yake ni mti ulio hatua kumi kutoka hapo, na mji huu wa baiskeli haumnyimi kazi. Hufuata karani mmoja mstaafu wa reli, kisha seremala, kisha madereva wawili wa daladala wanaopokezana gari moja, ambao kwa hiyo hatujawahi kuwaona wameketi pamoja. Wapo Waislamu na Wakristo, mwenye nyumba na mpangaji wake, mtu wa digrii na mtu ambaye darasa la nne lilimshinda. Anayefika husalimu wote kwa pamoja, kisha humpa mkono mmoja mmoja, hata kama tuko kumi na watano, na hakuna anayeona kuwa ni kupoteza wakati. Kijana akifika hutoa shikamoo kwa kila mzee, nasi tunaitikia marahaba mara saba, mara nane, kwa mfululizo, kama watu wanaohesabiana.

Hapa, mhariri, nikuombe radhi. Gazeti lako linanunuliwa nakala moja na karani wa reli, naye hulisoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa mbele mpaka matangazo ya zabuni, nasi wengine tunasikiliza bure. Hesabu yako ya mauzo haitaonyesha kamwe kwamba nakala ile moja ina wasomaji kumi na wawili, wanne kati yao wakibisha kila sentensi. Nadhani magazeti mengi ya Kiswahili yameishi hivi, na zikipotea baraza sijui nani atakuwa anabishana nayo.

Katikati ya mwaka 2025 karani huyo alitusomea habari iliyotushughulisha jioni nzima. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa ripoti ikisema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka, yaani kama vifo 100 kila saa. Karani akaongeza kutoka kumbukumbu yake kwamba Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafanya hivyo mwaka 2021. Kukawa kimya. Kisha seremala akauliza waziri huyo akifika ofisini asubuhi anaanzia wapi, anampigia nani simu. Tukacheka sana, lakini fundi baiskeli hakucheka. Alisema kuwa yeye alipofiwa na mkewe alikuwa akifungua karakana bila hata kazi ya kufanya, ili tu awe mahali ambapo watu wanapita na kumwuliza hali. Hakuwa amewahi kutuambia hivyo, na tulikuwa tumeketi naye kwa miaka kumi na moja.

Nikiri kwamba baraza ni ya kuzungumza upuuzi kwa sehemu kubwa. Ubingwa wa Coastal Union wa mwaka 1988 husimuliwa kwetu kana kwamba ni wa wiki iliyopita, na kila msimulizi alikuwa uwanjani, hata wale ambao kwa hesabu ya umri wao walikuwa bado wananyonya. Simba na Yanga hutugawa kila msimu. Hata hivyo, upuuzi huo ndio unaoandaa njia ya maneno mazito, kwa sababu mtu hawezi kutoka nyumbani kwake akaja moja kwa moja kusema kwamba mwanawe amefukuzwa kazi au kwamba daktari amemwambia ana kisukari. Atazungumzia kwanza mpira, kisha bei ya mchele, kisha mvua, atakunywa vikombe viwili, na wakati watu wameanza kutawanyika ndipo atakapolitoa lile lililomleta.

Na upande wa pili wa baraza kuna bao. Vijana wengi wanalijua kwa jina tu, hivyo niseme kidogo. Ubao una mashimo 32 kwa safu nne za mashimo manane, na kete zote ni 64, ambazo kwetu ni komwe zilizookotwa ufukweni au kuchumwa vichakani. Katika bao lenyewe la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akizinamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja moja, na kati ya mashimo yake kuna moja liitwalo nyumba, ambalo mtu hulilinda mpaka aone faida ya kuliachia. Wachezaji ni wawili, lakini sijapata kuona bao la watu wawili. Nyuma ya kila mchezaji husimama washauri watatu au wanne, wote wakipinga alichokifanya, na fundi wa bao aliye kweli fundi hucheza huku akijibu utani, kwa kuwa mwenye kukasirika hukosea hesabu. Nilipokuwa nikifundisha, nilikuwa na mwanafunzi aliyeshindwa kabisa kujumlisha darasani, nikamkuta baraza ya babu yake akihesabu kete za mashimo sita kwa kuzitazama tu. Tangu siku hiyo nilimpa maswali ya hesabu kwa kete.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa lugha, wasomaji wanivumilie katika hili pia. Tunasema baraza ya nyumba, lakini tunasema Baraza la Mawaziri. Baraza zetu, lakini mabaraza ya kata, yale yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Neno ni lilelile, ila lilipopanda cheo likabadilisha ngeli. Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, Baraza la Idd ambalo viongozi wa nchi huhudhuria, Baraza la Wawakilishi kule Zanzibar, yote yameazima jina lao kutoka hapa tunapowekea vikombe vya kahawa. Waliochagua jina hilo walikuwa wamekulia barazani, na walijua kwamba mahali pa kutolea shauri ni pale ambapo kila anayepita anaweza kusimama na kusikiliza.

Wenzetu wa visiwani wanalijua hili zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una baraza za mawe pande zote mbili za vichochoro vyake, na mvua za masika zinapojaza maji njiani wapita njia hutembea juu ya baraza hizo kama daraja. Pale Jaws Corner watu hunywa kahawa, hucheza bao na hubishana siasa kuanzia asubuhi. Lamu, iliyofuata katika orodha hiyo mwaka 2001, ina madaka yake, vile viti vya mawe vinavyotazamana mlangoni mwa nyumba, ambapo mgeni hukaribishwa aketi hata kabla ya kujulikana kama ataingizwa ndani. Watalii huvilipia nauli ya ndege kuja kuvipiga picha. Sisi tunavibomoa kwa nyundo ili tupate nafasi ya kuegesha gari.

Niliposema nyumbani kwamba naandika barua hii, mama watoto alinitazama akaniuliza kama na yeye ameitwa katika baraza hiyo. Ana haki. Baraza ya mbele, kwa desturi yetu, ni ya wanaume, na mtu akiisifu peke yake anaweza kudhani kuwa nusu ya mtaa haina mahali pa kupumulia. Lakini raha ya akina mama ilikuwa upande wa pili wa ukumbi, uani, ambako jirani hupita mlango wa nyuma bila kubisha hodi ndefu. Huko ndiko wanakochambua mchele na mchicha pamoja, wanakosukana nywele, wanakosuka ukili wa mikeka huku mmoja akikuna nazi juu ya mbuzi na mwingine akimbembeleza mtoto ambaye si wake. Mke wangu anasema, na mimi sina ushahidi wa kumpinga, kwamba kila habari tunayojigamba nayo kule mbele ilikuwa imeshazungumzwa na kuamuliwa uani siku mbili kabla.

Yeye ndiye aliyenikumbusha pia habari ya bakuli. Mwezi wa Ramadhani, nusu saa kabla ya magharibi, mtaa wetu ulikuwa na watoto wanaokimbia kutoka nyumba hii hadi ile wakibeba mabakuli yaliyofunikwa kawa: muhogo wa nazi, magimbi, tambi, maharage, kaimati, uji wenye pilipili manga. Ukitumiwa bakuli hulirudishi tupu. Utaliosha, utalitia chochote ulicho nacho, hata kama ni ndimu tatu, na kulituma tena. Hivyo vyombo vya mtaa mzima huchanganyika, na mwisho wa mfungo hakuna nyumba isiyo na sahani ya mwingine. Wakristo wa mtaa hutumiwa futari kama wengine, na Krismasi pilau hurudi kwa njia ileile. Nimeulizia warithi wa ile nyumba ya ukuta kama wametumiwa futari mwaka huu. Mtoto aliyetumwa alirudi na bakuli lake likiwa limejaa, kwa sababu aligonga geti kwa mkono na sauti haikufika ndani. Geti lilikuwa na kengele ya umeme, lakini kimo chake ni cha mtu mzima.

Najua majibu nitakayopewa. Wapo watakaosema kwamba baraza ni kiota cha umbea na uvivu. Umbea upo, na nimewahi kuumizwa nao, hivyo siutetei. Ila nimeona kwamba maneno ya barazani yana dawa moja ambayo maneno ya simu hayana, nayo ni kwamba anayesemwa hutokea. Anapita njiani, anasalimu, anaketi, na aliyekuwa akimsema inambidi amsogezee nafasi. Mtaa wetu una kundi la WhatsApp, na lina faida zake, hasa taarifa za kukatika maji. Lakini humo msiba hutangazwa, na watu thelathini wanaweka alama ya mikono iliyounganishwa, basi. Barazani taarifa ya msiba inapofika watu huinuka. Mmoja anafuata jeneza, mwingine anafuata turubai, wa tatu anatumwa dukani kwa sukari.

Watakaosema ni uvivu nawaomba waje saa wanazoketi watu. Ni saa za baada ya kazi. Wapo vijana wanaoshinda vijiweni mchana kutwa, na hilo ni tatizo la ajira ambalo kubomoa benchi hakulitibu.

Hoja ya usalama ni nzito zaidi, kwa kuwa wezi wapo na mtu ana haki ya kulala kwa amani. Lakini hapa nitasimulia niliyoyaona. Mwaka juzi nilikaa miezi miwili kwa mwanangu, Dar es Salaam, katika mtaa mpya wa nyumba kubwa ambao kila kiwanja kina ukuta wenye nyaya za umeme juu. Mwanangu na mkewe hutoka alfajiri, hurudi usiku. Nikabaki na televisheni. Siku ya nne nilitoka nje ya geti kutafuta mtu wa kumsalimu, nikatembea barabara nzima nisione hata mlango ulio wazi, mpaka nilipofika kona, na hapo, chini ya mwarobaini, nikawakuta walinzi wa nyumba tano wameketi juu ya gogo na matofali mawili, dele la kahawa katikati yao. Waliniamkia, wakanipa nafasi kwenye gogo. Kwa miezi miwili ile nilikuwa nao kila jioni. Wao ndio waliokuwa wakijua nani ni mgonjwa katika nyumba ipi, nani amesafiri, mtoto wa nani anarudi usiku wa manane. Wenye nyumba walikuwa hawajuani hata majina, na usalama wao wote ulikuwa mikononi mwa watu walioketi barazani, ila baraza yenyewe ilikuwa ya gogo na haikuwa katika ramani ya mtu yeyote.

Na kwetu Ngamiani nina ushahidi wa aina nyingine. Fundi cherehani mmoja, mzee aliyeishi peke yake katika chumba cha kupanga, alikuwa na tabia ya kununua kikombe kimoja tu na kukikalia kwa saa nzima. Siku moja hakuonekana. Hatukujali. Siku ya pili, muuza kahawa, ambaye kwa kawaida humwekea kikombe chake cha pembeni kilichomeguka ukingo, aliuliza yuko wapi, na hakuna aliyejua. Akaacha dele lake kwetu, akaenda. Alimkuta amelala sakafuni, homa imempanda, hawezi kusimama wala kuita. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, na madaktari wakamtibu malaria kali. Aliishi miaka minne zaidi baada ya hapo, na hakuwahi kununua kikombe cha pili.

Ombi langu ni dogo, na ninalielekeza kwa watu wa aina tatu. Kwanza ni wanaojenga: zungusheni ukuta mkitaka, lakini mnapompa fundi ramani, mwambieni abakishe benchi la saruji upande wa nje. Halihitaji zaidi ya urefu wa futi nane, upana wa kukalia mtu mzima, na kimo cha goti. Na mkilipandishia kijipaa cha bati juu yake mtakuwa mmefanya hisani kubwa wakati wa mvua. Pili ni wachoraji wa ramani na maofisa wa mipango miji, ambao huchora barabara, mitaro na nguzo za umeme kwa uangalifu wote, na sehemu ya watu kuketi huiachia bahati. Tatu ni wale wanaosimamia usafi wa miji, ambao kila mara wanapotaka kuonyesha kazi huanza na muuza kahawa kwa sababu ana dele moja na hawezi kukimbia nalo likiwa na moto. Mfundisheni mahali pa kumwagia masalia na maji ya kuoshea vikombe, mtozeni ushuru wa haki, lakini mwacheni apite.

Kuhusu majirani zangu wa geti jeusi, nimefanya vipimo mwenyewe kwa kamba. Kati ya ukuta wao na mtaro wa maji kuna futi tatu na nusu, na kivuli cha ukuta huo huanguka upande wa barabara tangu saa tisa mchana, kipana kuliko kile cha upenu wa zamani. Seremala na fundi baiskeli wameahidi nguvu zao, karani wa reli atatoa mfuko mmoja wa saruji na mimi nitatoa wa pili, na mchanga upo. Kinachosubiriwa ni ruhusa yao. Nimekwisha kumfikishia salamu hizo kijana wao mkubwa siku tuliyokutana msikitini, naye akasema atazungumza na dada zake. Endapo watakuwa wanasoma ukurasa huu, nawaarifu kwamba kengele ya geti nayo tunaweza kuishusha siku hiyo hiyo, ili mwakani mtoto wa bakuli aifikie.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.